Kanda la Usufi

Wenzake kazini walimwita Siafu. Alikuwa mfupi, mwembamba, na akikuuma haachii. Jina hilo alipewa na kaka yake walipokuwa wadogo, likamganda hadi ukubwani. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, ila si za harusi wala za pasipoti. Hizo zilikuwa za kaka yake aliyebaki studioni. Siafu ndiye aliyefunga begi. Shirika likitaka picha za shule mpya iliyojengwa mlimani, au za daraja lililochukuliwa na maji, lilimwita yeye. Alikwenda, akalala popote palipopatikana, akapiga picha zake, akazihariri huko huko na kuzituma kabla wenye haraka hawajaanza kumpigia simu.

Studio waliachiwa na marehemu baba yao. Kaka mtu alikuwa amechapisha kadi zenye neno "Mkurugenzi" chini ya jina lake, ingawa ofisi nzima ilikuwa na watu watatu, na wa tatu alikuwa mfagiaji. Tangu kadi hizo zitoke, nyumbani wote walimwita Mkurugenzi, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Utani wenyewe hakuwahi kuusikia.

Laptopu ya zamani ya Siafu ilimfia safarini, juu ya meza ya nyumba ya wageni, kazi ikiwa nusu. Kioo kilipiga mstari wa kijani, kikatetemeka, kikazima moja kwa moja. Kwa kuwa maduka yalikuwa karibu na studio, na yeye angepita nyumbani kwa usiku mmoja tu kabla ya safari nyingine, alimpigia kaka yake.

"Kaka, nisikilize vizuri, maana najua unavyosikiliza," alisema. "Nataka iwe nyepesi, niibebe begani siku nzima bila kuikumbuka. Kioo chake kiseme kweli kwenye rangi. Na betri ikae, kwa sababu huko ninakokwenda umeme ni mgeni. Hayo mengine, sijui mataa, sijui michezo, waachie wenyewe."

"Nyepesi, kioo, betri," Mkurugenzi alirudia kama mtu anayetumwa dukani. "Umemaliza?"

"Usinunue kabla hujanipigia. Tafadhali."

"Siafu, mimi si mtoto."

Hakupiga.

Siafu alipofika nyumbani jioni ile aliikuta sebule imejaa. Mama yao alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, wifi yake ameshika simu tayari kurekodi, watoto wamekaa chini kuizunguka meza, na juu ya meza kulikuwa na boksi kubwa mno. Mkurugenzi alilifungua polepole, kwa mbwembwe, akimwangalia kila mtu isipokuwa dada yake.

Ilikuwa nyeusi, pana kama sinia, na pembe zake zimekatwa kama za gari la kijeshi. Ilipowashwa, vitufe viliwaka vyekundu, vikageuka bluu, vikageuka kijani. Watoto walipiga kelele za furaha.

"Hii ndiyo wanayotumia wakubwa," Mkurugenzi alisema. "Haina mpinzani."

Siafu aliinyanyua kwa mkono mmoja kama alivyozoea, kifundo cha mkono kikapinda, akaisaidia haraka na mkono wa pili. Akaiona na chaja yake. Ilikuwa kama tofali, na tofali lenyewe la kuchoma.

"Mshukuru kaka yako," mama alisema. "Amehangaika juani kwa ajili yako. Nami nimeshaiombea dua."

Mashine iliyoombewa dua na mama utaikataa kwa ulimi gani? Siafu alisema ahsante, akameza na mengine yote. Alimsubiri kaka yake aelekee jikoni kunywa maji, akamfuata.

"Nilikwambia nyepesi," alisema kwa sauti ya chini.

"Nguvu na wepesi havikai chungu kimoja, mdogo wangu."

"Na kioo?"

"Kikubwa! Hukukiona?"

"Sikuuliza ukubwa, kaka. Niliuliza rangi."

"Muuzaji ni mtaalamu. Aliniuliza maswali yote, nikamjibu."

"Alikuuliza wewe. Ataibeba nani?"

Mkurugenzi alicheka na kumpiga-piga begani. "Uzito gani huo? Utazoea."

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," Siafu alijibu, akarudi sebuleni ambako watoto walikuwa wanabadilisha rangi za vitufe na kugombea zamu. Alfajiri ilipofika duka lilikuwa bado halijafunguliwa, na gari lake lilikuwa linaondoka. Akaibeba.

Safari yenyewe ilikuwa ya wakunga. Katika mji mmoja wa mbali ilikuwa inafunguliwa hospitali mpya ya uzazi, na shirika lililoijenga lilitaka korido yake ipambwe kwa picha za wakunga wastaafu, wanawake waliozalisha watu kwa taa ya chemli kabla ya kuwapo hospitali yoyote karibu. Walikuwa wametawanyika, mmoja huku, mwingine kule, na kumfikia kila mmoja kulitaka lori, kisha pikipiki, kisha miguu. Mkanda wa begi ulimla Siafu bega la kulia mpaka akahamishia la kushoto, nalo likaliwa. Kwenye kilima kimoja alikaa chini katikati ya njia, akaitukana ile mashine matusi ambayo mama yake hajui kama anayajua, akainuka, akaendelea.

Picha zenyewe zilikuwa nzuri. Hilo alilijua tangu alipokuwa akizipiga. Aliyempenda zaidi alikuwa mkunga mmoja mrefu, mkali, mwenye mikono mikubwa, aliyemfungulia mlango huku amevaa sare yake nyeupe ya zamani, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimpa Siafu chai, akamhoji kwa nini bado hajaolewa, akakataa kujibiwa, kisha akakaa kwenye mwanga wa dirisha na kutulia kama maji ya mtungini. Ngozi yake ilikuwa nyeusi ya kuiva, yenye wekundu kwa mbali pale mwanga unapogusa shavu. Siafu alipiga picha huku ameshikilia pumzi.

Shida ilianza kwenye kuhariri. Betri ya ile mashine ilikata roho kabla chai haijapoa. Feni yake ilinguruma hivi kwamba mpangaji wa chumba cha pili aligonga ukuta akiuliza nani anasaga nafaka. Ikambidi Siafu atafute umeme, na umeme ulikuwa kwa kinyozi peke yake. Alifanya kazi pale, magoti yakiungua chini ya mashine, nywele za watu zikimwangukia kwenye vitufe, wateja wakisubiri zamu huku wakitoa maoni. "Huyo mbona mwekundu hivyo?" mmoja aliuliza. Na kweli, kwenye kioo kile kila uso ulikuwa umeiva kama umepakwa mafuta ya mawese. Siafu akapunguza wekundu. Bado. Akapunguza tena. Aliweka kamera pembeni na kulinganisha, lakini kioo kidogo cha kamera kilisema hivi na kile kikubwa kilisema vile, na simu ikawa inaita.

"Mchapaji anasubiri," alisema mratibu wa shirika. "Leo, dada. Kesho haipo."

Akaamini kile kikubwa. Akatuma.

Siku ya ufunguzi alifika mapema, lakini korido ilikuwa tayari imejaa wageni. Picha zilikuwa zimetundikwa pande zote mbili, kila moja imemzidi mtu kimo. Siafu aliitazama ya kwanza, akageuka kuitazama ya pili, akaelewa. Ule wekundu alioupunguza haukuwa wa nyuso. Ulikuwa wa kioo. Sasa kwenye karatasi wakunga wote walikuwa wamepauka, kijivu, kama waliopakwa majivu kuanzia kipaji hadi kidevu. Macho yao yalikuwa hai. Ngozi ilikuwa imeshaondoka.

Wageni walikuwa wanasifia. Ndivyo wageni walivyo. Lakini mkunga mrefu naye alikuwa ameingia, na binti yake amemshika mkono. Alisimama mbele ya picha yake, akaitazama bila haraka.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ni wewe, bibi!" alisema mratibu, anatabasamu.

"Mimi nimezalisha watu, na wengine nimewaosha," mkunga alisema. "Rangi hii naijua. Hii ni ya mtu aliyekwishapoa. Nani amepiga?"

Siafu alisogea. "Shikamoo, bibi. Ni mimi."

Mkunga hakuitikia. Hilo lilimuuma Siafu kuliko yote yaliyofuata. "Nilikukaribisha kwangu," mkunga alisema. "Chai yangu ulikunywa. Nimekukosea nini?"

Hakusubiri jibu. Alimwita binti yake, wakashika picha huku na huku, wakaing'oa ukutani, wakaibeba kuelekea mlangoni, kona yake ikikwaruza sakafu mpya. Watu walijitenga kuwapisha. Hotuba ikakatika katikati. Wale wakunga wengine, waliokuwa kimya kwa adabu, walianza kugeuka mmoja mmoja kuzitazama nyuso zao wenyewe.

"Zitarudiwa zote," Siafu alimwambia mratibu kabla hajaambiwa. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na mratibu alidhani ni aibu. Ilikuwa hasira, imejaa mpaka shingoni na haina pa kumwagikia.

Hakwenda nyumbani. Aliporudi mjini kwao alishukia sokoni, na begi lake begani, akaenda moja kwa moja kwenye duka la kompyuta lililouza ile mashine.

Lilikuwa duka la vioo, lenye ubaridi na meza ndefu nyeupe, na laptopu zimefunguliwa safu kwa safu. Siafu alisukuma mlango, akapiga hatua mbili, akasimama. Mama yake alikuwa amejaa dukani.

Alikuwa kwenye kila kioo. Picha ilikuwa moja: mama yuko uani asubuhi, anaanika mashuka, amegeuka kuangalia nyuma, kibanio cha nguo kimebanwa kwenye meno, jua limemgusa shavu moja. Siafu alikuwa ameipiga mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe. Hakuwahi kumpa mtu wala kuiuza. Ilikaa kwenye kompyuta ya studio pamoja na nyingine za nyumbani. Chini ya kila kioo kulikuwa na maandishi madogo: Picha na. Na jina la kaka yake, na cheo chake.

Muuzaji alimjia, kijana mtanashati mwenye viatu vinavyomeremeta. "Karibu, dada. Unatafuta ya kuangalia filamu, au ya mitandao?"

"Picha hii mmeitoa wapi?"

"Aah, hiyo!" Uso ulimchangamka. "Kuna mteja wetu, mpiga picha mkubwa, anasafiri kila mahali. Ndiye aliyechukua ile mashine yetu kubwa kwa ajili ya safari zake. Tukamwomba picha moja ya kutangazia. Mtu mkarimu sana. Alitusimulia alivyompata huyu mama, huko ndani ndani kabisa, alimkuta tu njiani."

"Alimkuta njiani."

"Ndiyo."

"Huyu mama."

"Ndiyo, dada. Kwani unamjua?"

"Amenizaa," Siafu alisema.

Muuzaji alianza kucheka, akaangalia uso wa mbele yake, akaangalia wa kwenye vioo, akaacha.

Siafu alitaka kupiga kelele. Alitaka kulivuta lile sinia kutoka kwenye begi na kulibwaga juu ya meza nyeupe. Kwa nini akatulia, hata yeye hakujua. Labda ni macho tu, ambayo kwa miaka yote yalikuwa yamefundishwa kazi moja. Akaanza kutembea meza hadi meza, akimtazama mama yake.

Kwenye laptopu ya kwanza mama alikuwa wa bluu, kama aliyetolewa mtoni. Kwenye ya pili alikuwa wa manjano. Kwenye moja ya bei kali, iliyowekwa peke yake chini ya taa, alikuwa anang'aa kama mdoli, makunyanzi yote yamefutika kwa mwanga. Kulikuwa na nyingine ambayo ukisimama mbele yake mama yuko vizuri, ukisogea pembeni kidogo anageuka kivuli. Pale iliposimama mashine pacha ya lile sinia, mama alikuwa mwekundu, ameiva kupita kiasi, na Siafu aliitazama hiyo kwa muda mrefu.

Kisha, kwenye meza ya mwisho karibu na stoo, akaiona moja ya kijivu, nyembamba, isiyo na pambo wala taa, kioo chake hakimeti. Humo mama alikuwa mama. Weusi wake ulikuwa ule ule, na wekundu wa mbali ule ule; giza chini ya macho lilikuwepo, na alama ndogo ya mvuke uliomuunguza jikoni ilikuwepo. Siafu alisogea kushoto, akasogea kulia, akainama. Mama hakubadilika.

Alichomeka kadi yake ya kamera kabla muuzaji hajakataza, akafungua picha ya mkunga mrefu ile aliyoihariri kwa kinyozi. Majivu yakatokea wazi, hata mtoto angeyaona. Akafungua ya asili, ambayo haikuguswa. Mkunga akamtazama kutoka dirishani kwake, mzima, mkali. Siafu alivuta pumzi kwa nguvu. Akaifunga laptopu, akaiweka kwapani kama gazeti, akatembea nayo hadi mlangoni na kurudi. Haikumvuta popote.

"Chomoa waya wake," alimwambia muuzaji, "tuone itakaa muda gani. Na wakati tunasubiri, mpigie huyo mpiga picha wenu mkubwa. Mwambie kuna mteja anataka kumwona."

Mkurugenzi alikuja akitabasamu, shati limechomekwa vizuri. Alipomwona dada yake kati ya nyuso zile zote za mama, tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale limesahauliwa.

"Siafu. Umerudi lini?"

"Hebu nisimulie, kaka, ulivyomkuta mama njiani."

"Tusifanye mambo haya mbele za watu."

"Mbele za watu ndipo uliposemea uongo."

Wateja wawili waliokuwa wanachagua chaja waliacha kuchagua.

"Picha ni ya studio," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini.

"Mguu uliosimama kwenye ndoo kuipiga ni wa studio? Nilianguka na hiyo ndoo, kaka. Mama alicheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. Ulikuwa umelala." Alikuwa anaongea haraka sasa, na kila neno lilivuta jingine. "Nilikwambia vitu vya kuangalia. Hukuvisahau. Uliona haya kumwambia muuzaji kwamba unamnunulia dada yako, mfupi huyu, ndiye anayesafiri. Ukajifanya wewe. Na mtu anayejifanya atachagua mashine ya kujionyesha. Unajua nimewafanya nini wale wakunga? Unajua bibi wa watu aliniambia nini?"

"Na mimi niseme nini?" Mkurugenzi alipaza sauti ghafla, na sauti hiyo ilimshangaza hata yeye. "Watu wananiuliza, wewe Mkurugenzi unafanya nini? Niwaambie nini? Kwamba nashika funguo? Nawakalisha watu kwenye kitambaa cheupe, inua kidevu, usicheke, basi, mwingine. Tangu baba alipokufa. Umeme ukikatwa ni mimi, mwenye nyumba akija ni mimi. Wewe unarudi na milima kwenye begi, na mama anakaa anakusikiliza mpaka chakula kinapoa. Siku moja tu nilitaka mtu aniulize mimi habari za milima."

Siafu alimsikia, na maneno yale yalimwingia. Alijua ni ya kweli. Lakini hasira haikupungua. Ilikera zaidi kugundua kwamba anayemkasirikia anastahili pia kuhurumiwa.

"Ungeniomba nikusimulie," alisema. "Ningekusimulia. Hukutakiwa kuiba."

Muuzaji, aliyekuwa anahesabu hasara kimoyomoyo, alikohoa. "Dada, mali ikishatoka dukani hairudi, ndiyo sheria yetu. Lakini hapa naona tunaweza kuelewana. Uniachie lile kubwa, uchukue hii nyepesi. Picha ya mama ibaki, inavuta watu sana. Jina tunabadilisha sasa hivi, tunaandika lako."

Siafu aliiangalia ile ya kijivu. Bado ilikuwa inawaka bila waya, na namba ya betri ilikuwa haijashtuka. Alimwangalia kaka yake, ambaye alikuwa anaangalia chini.

"Andika sasa hivi nikiona," alisema.

Muuzaji akapita meza hadi meza, akifuta jina la mmoja na kuandika la mwingine, na Siafu alimfuata hadi kioo cha mwisho. Alitoka dukani begi limekuwa jepesi kiasi kwamba aligeuka mara mbili kuhakikisha hajasahau kitu. Aliona ameshinda.

Ushindi huo ulifika nyumbani ukafia mlangoni. Wifi yake alikuwa ameshapigiwa, wifi alikuwa ameshamwambia mama, na mama alikuwa amesimama. Mama yao akikukasirikia hukaa. Akisimama, ujue mambo yamezidi kiti.

"Kaeni," aliwaambia wote wawili, nao wakakaa, Mkurugenzi mzima na kadi zake.

"Nimo dukani?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama," Siafu alijibu, "lakini sasa nimehakikisha jina lililoandikwa ni..."

"Sikuuliza jina la nani. Nauliza, mimi nimo dukani? Na kile kibanio mdomoni, kama paka aliyekwapua samaki? Na kitambaa changu cha kulalia kichwani? Watu wanapita na kununua vitu vyao, wananitazama?"

Aliwageukia mmoja mmoja.

"Huyu," alimwonyesha Mkurugenzi, "alinigawa bure. Na wewe umenibadilisha na laptopu. Mnagombania nani mwenye picha. Mwenye uso je? Kuna mmoja wenu aliyekuja hapa akasema, mama, tunaomba?"

Njia nzima kutoka dukani Siafu alikuwa amejipangia maneno mengi, makali, yenye haki. Yote yalikuwa ya kugombea jina.

"Kesho asubuhi," mama alisema, "mnakwenda wote wawili mnaniondoa kule. Na chakula kiko mezani, kuleni, sitaki watu wa kuzirai."

Walikwenda. Walitembea pamoja, kila mmoja upande wake wa barabara. Muuzaji alilalamika mpaka Siafu alipompa picha ya lile daraja lililochukuliwa na maji, na Mkurugenzi ndiye aliyekaa kuiweka kwenye kila mashine, akimwondoa mama mmoja mmoja. Alifanya kazi hiyo vizuri, bila kuharakisha. Alipomaliza alisema tu, "Chini niandike jina lako?" na Siafu akasema, "La nani mwingine?" Hayo ndiyo maneno waliyoambiana siku ile, na kwa muda mrefu baadaye hawakuongeza mengi.

Safari ya kwenda tena kwa mkunga mrefu Siafu aliifanya bila kutumwa na mtu. Alibisha hodi. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Umekuja kunimalizia?" mkunga aliuliza.

"Nimekuja kuomba, bibi. Nirudie picha ukiwa unaona. Ukikataa, naifuta hapa hapa mbele yako na ninaondoka."

Mkunga alimpima kwa macho, kisha akasogeza kiti nje, kivulini. Chai hakutoa. Siafu aliweka laptopu ya kijivu mapajani, akafungua picha ya asili. Mkunga akanyoosha mkono wake mkubwa na kuuweka kando ya kioo, ngozi kwa ngozi.

"Anza," alisema.

Siafu alisogeza rangi kidogo kidogo. "Hapo?"

"Bado."

"Hapo?"

"Umepita. Rudi. Mimi si mchumba wa mtu, usinipambe. Hapo. Acha hapo hapo." Akainama karibu. "Na hili jino, lirudishe."

"Bibi, jino hilo sikulikuta."

"Lilikuwepo."

"Siku ile hukuwa nalo, bibi."

Mkunga alinuna, akasema mpiga picha asiyeweza kurudisha jino moja anajivunia nini. Wakagombana kuhusu hilo mpaka kivuli kikahama nao wakahama nacho, na betri ikawa bado inakwenda. Jino halikurudi.

Picha mpya zilipotundikwa, mkunga mrefu hakuja kuona. Alimtuma binti yake. Binti alisimama koridoni muda mrefu, akaweka mkono juu ya shavu la picha, akapiga simu.

"Mama, ni wewe," alisema.

Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka pale aliposimama Siafu. "Najua kuwa ni mimi, nilikuwepo akitengeneza! Mwambie huyo mfupi bado sijamsamehe."

"Mwambie nimesikia," Siafu alisema, akainua begi lake na kutoka.